Kwa nini Beni na Butembo humgeuka rais waliyempa kura

Oktoba 2006, katika duru ya pili ya uchaguzi wa rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wapiga kura wa Kivu Kaskazini walimpa Joseph Kabila zaidi ya kura tisa katika kila kumi. Miaka mitano baadaye jimbo hilo hilo halikumpa hata nusu. Kufikia 2018, mgombea aliyeungwa mkono na Kabila hakuwa na matumaini yoyote ya maana katika miji ya Beni na Butembo, na wakazi wake waliamini kuwa hiyo ndiyo sababu waliondolewa kwenye uchaguzi wa mwaka huo.

Historia hiyo ina uzito tena leo. Rais Félix Tshisekedi anatumikia muhula wake wa pili, na uchaguzi unaofuata umepangwa kufanyika 2028. Mjadala wa kubadili katiba, alioufungua mwenyewe akiwa Kisangani Oktoba 2024, umewafanya wapinzani wake kuhofia kwamba hataki kuondoka. Wakati huo huo Beni imekuwa makao ya muda ya serikali ya Kivu Kaskazini, tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025.

Swali ni kama watu wa maeneo haya watamgeuka Tshisekedi kama walivyomgeuka aliyemtangulia. Jibu halimo katika vyama, kwa sababu hapa chama hakijawahi kumfunga mpiga kura kwa muda mrefu. Limo katika kipimo kimoja ambacho kimerudi katika kila uchaguzi: je, rais aliyepewa kura amewawezesha watu kwenda shambani, barabarani na sokoni, na kurudi nyumbani wakiwa hai?

Kura ya 2006 ilikuwa ya hofu na shukrani

Kuelewa kilichofuata kunahitaji kurudi kwenye vita vya 1998 hadi 2003. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, Beni na Butembo zilikuwa chini ya kundi la RCD-K/ML la Antipas Mbusa Nyamwisi, mwanasiasa wa jamii ya Wanande, ambao pia hujiita Wayira na ndio wengi katika eneo hilo. Kundi hilo lilianza likisaidiwa na Uganda, kisha likasogea upande wa serikali ya Kinshasa.

Mwishoni mwa 2002, wapiganaji wa MLC ya Jean-Pierre Bemba na washirika wao walisonga mbele kupitia Mambasa, katika Ituri, wakielekea Beni. Operesheni hiyo ilijulikana kwa jina la Kifaransa lenye maana ya kufuta ubao, na waliokimbia walifika Beni na simulizi za mauaji, ubakaji na uporaji. Serikali ya Kabila ilionekana kuwa upande wa waliokuwa wakishambuliwa.

Basi Kabila na Bemba walipokutana kwenye duru ya pili miaka minne baadaye, kwa mtu wa Beni uchaguzi haukuwa mgumu. Mmoja alikuwa kiongozi wa jeshi walilolikimbia. Mwingine alizungumza Kiswahili, alikuwa ametia saini mikataba iliyowaondoa wanajeshi wa Rwanda na Uganda, na aliahidi amani. Zaidi ya hayo, Mbusa mwenyewe alijiondoa siku chache kabla ya duru ya kwanza na kuwaomba wafuasi wake wamchague Kabila. Mwaka uliofuata aliteuliwa kuwa waziri wa mambo ya nje.

Kura hiyo haikuwa ya uanachama. Walioipiga hawakuwa wafuasi wa PPRD, chama cha Kabila. Walimkopesha imani, na mkopo huo ulikuwa na sharti.

Walivyoanza kugeuka

Januari 2009, Kabila aliruhusu jeshi la Rwanda kuingia Kivu Kaskazini kuwasaka waasi wa Kihutu wa FDLR, katika operesheni iliyoitwa Umoja Wetu. Bunge halikuarifiwa. Vital Kamerhe, spika wa Bunge na mwenyeji wa Kivu Kusini, alilalamika hadharani, na Machi mwaka huo akalazimika kujiuzulu.

Kinshasa iliiona operesheni hiyo kuwa hesabu ya kidiplomasia. Katika Kivu ilionekana kuwa kuvunja ahadi, kwa sababu wengi walikuwa wamempigia Kabila kura kama mtu aliyewatoa wanajeshi wa kigeni. Waasi wa CNDP nao waliingizwa katika jeshi la taifa, wengine na vyeo vyao, na watu waliokuwa wakiwakimbia wakajikuta wakikutana nao kwenye vizuizi vya barabarani wakiwa na sare za serikali.

Uchaguzi wa Novemba 28, 2011 ulikuta hali hiyo. Miezi michache kabla yake Mbusa alijiuzulu uwaziri na kugombea urais, naye Kamerhe akagombea. Étienne Tshisekedi, baba yake rais wa sasa, alikuwa mpinzani mkuu. Wote watatu walikula katika kapu lililokuwa la Kabila katika Kivu Kaskazini.

Hata hivyo Kabila alitangazwa mshindi wa nchi kwa asilimia 48.95, huku Étienne Tshisekedi akipewa asilimia 32.33. Kwa kanuni za 2006 matokeo hayo yangelazimisha duru ya pili. Lakini Januari 2011 katiba ilikuwa imebadilishwa na duru ya pili kufutwa. Eneo linaloweza kumwacha rais likawa na nguvu ndogo kuliko awali, kwa kuwa kura zinazomkimbia zikigawanyika kwa wapinzani watatu au wanne, yeye bado anaweza kushinda.

Mauaji yaliyofuta imani

Kilichomaliza imani kabisa kilianza Oktoba 2014. Mapema mwaka huo jeshi lilikuwa limeanzisha operesheni ya Sokola 1 dhidi ya ADF, waasi wenye asili ya Uganda walioingia milima ya Ruwenzori katika miaka ya 1990. Kamanda aliyependwa sana na raia, Kanali Mamadou Ndala, aliuawa karibu na Beni Januari 2, 2014. Miezi tisa baadaye yakaanza mauaji ya raia kwa mapanga na mashoka katika vijiji vinavyouzunguka mji, hasa kuelekea Oicha, Mbau na Eringeti.

Kabila alifika Beni mwishoni mwa Oktoba 2014 na kuahidi kuwamaliza wauaji. Mauaji yaliendelea. Alirudi katika eneo hilo mwanzoni mwa Agosti 2016, akakutana pia na Rais Yoweri Museveni upande wa Uganda. Siku kadhaa baadaye, usiku wa Agosti 13, wauaji waliingia mtaa wa Rwangoma, mjini Beni kwenyewe, na kuua makumi ya watu.

Kwa wengi, kilichouma zaidi kuliko kushindwa kwa jeshi kilikuwa shaka juu ya jeshi lenyewe. Wapelelezi wa Umoja wa Mataifa na watafiti huru waliandika kuhusu maofisa wa jeshi kuhusishwa na baadhi ya mauaji. Watu walijiuliza kwa nini kambi iliyo karibu haikusikia milio, au ilisikia na haikutoka. Waliouliza kwa sauti kubwa walihatarisha maisha: padri Vincent Machozi, aliyekuwa akikusanya taarifa za mauaji na kuzichapisha, aliuawa kwa risasi karibu na Butembo Machi 2016.

Katika mazingira hayo ilikua siasa isiyohitaji chama. Katika mtaa wa Furu, Butembo, watu hukusanyika kujadili habari za nchi katika kile kinachoitwa bunge la kusimama. Vuguvugu la vijana la LUCHA, lililoanzia Goma mwaka 2012, lilipata wanachama Beni. Véranda Mutsanga, kundi la shinikizo la vijana, likawa jina la kawaida kila miji ilipofungwa kwa siku za mgomo na maduka kutofunguliwa. Mpiga kura wa hapa hupata maoni yake katika baraza la mtaa, kanisani na kwenye redio za mji, mara nyingi zaidi kuliko katika ofisi ya chama.

Kura waliyonyimwa

Novemba 2018 vyama vya upinzani viliungana Geneva katika muungano wa Lamuka na kumteua Martin Fayulu. Félix Tshisekedi na Kamerhe walijiondoa siku iliyofuata. Waliobaki Lamuka ni pamoja na Mbusa Nyamwisi, Moïse Katumbi na Bemba, yule yule ambaye wapiganaji wake waliogopwa mwaka 2002. Wapiga kura wa Beni na Butembo hawakumkataa Fayulu kwa sababu ya Bemba. Walichotazama ni nani angeiondoa serikali iliyoshindwa kuwalinda. Fayulu alianzia kampeni zake Beni, na alipokelewa na umati mkubwa.

Desemba 26, siku nne kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi (CENI), chini ya mwenyekiti wake Corneille Nangaa, ilitangaza kuwa uchaguzi katika Beni, Butembo na Yumbi, eneo lililo magharibi mwa nchi, umesogezwa hadi Machi 2019. Sababu zilizotolewa kwa Beni na Butembo zilikuwa Ebola na usalama mdogo. Rais mpya angeapishwa Januari. Kura za watu hao kwa rais hazingehesabiwa kamwe.

Mlipuko wa Ebola ulikuwa wa kweli na mkali. Ulitangazwa Agosti 1, 2018 katika mji mdogo wa Mangina, na kufikia mwisho wake Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287. Lakini mwishoni mwa 2018 masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa kila Jumapili, na wagombea walikuwa wamefanya mikutano ya hadhara bila kuzuiwa. Watu waliuliza kwa nini kirusi kiwe hatari kwenye foleni ya kura tu.

Waandamanaji walishambulia kituo cha wagonjwa mjini Beni siku iliyofuata tangazo hilo, na baadhi ya waliokuwa wakichunguzwa wakakimbia. Desemba 30, nchi ilipokuwa ikipiga kura, wakazi wa Beni waliandaa uchaguzi wao wenyewe kwa karatasi walizotengeneza kwa mkono. Walipanga foleni, wakanawa mikono kwa sababu ya Ebola, wakapiga kura na kuzihesabu hadharani. Fayulu alishinda kwa wingi mkubwa. Kura hizo hazikuwa na nguvu ya kisheria, lakini zilionyesha walichonyimwa.

Hesabu rasmi ilizidisha uchungu. Januari 10, 2019 CENI ilimtangaza Félix Tshisekedi mshindi kwa kura 7,051,013 dhidi ya 6,366,732 za Fayulu. Tofauti ilikuwa takriban kura 684,000. Walioandikishwa katika maeneo yaliyoachwa nje walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Hakuna anayeweza kusema wangejitokeza wangapi, lakini kwa hesabu ya karatasi idadi yao ilitosha kubadili jina la rais.

Gharama ya kunyimwa kura ilionekana haraka katika vita dhidi ya Ebola. Uvumi kwamba ugonjwa ulikuwa mbinu ya kisiasa ulipata nguvu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na Aprili 19 daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Cameroon, aliuawa kwa risasi Butembo. Tshisekedi alianza urais akiwa na deni kwa eneo ambalo halikumchagua wala halikupata nafasi ya kumkataa.

Ahadi za Tshisekedi

Rais mpya alifika Beni Aprili 2019 na kuahidi kurudisha amani. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo jeshi lilianzisha operesheni kubwa dhidi ya ADF. Waasi walijibu kwa kuwaua raia. Novemba 25 waandamanaji wenye hasira walichoma jengo la ofisi ya meya wa Beni na kuvamia kambi ya kikosi cha Umoja wa Mataifa, MONUSCO, katika mtaa wa Boikene.

Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walipiga kambi kwenye viwanja vya ofisi ya meya wakitaka rais aje awaone. Mapema Mei mwaka huo Tshisekedi alitangaza hali ya kuzingirwa kijeshi katika Kivu Kaskazini na Ituri. Gavana akawa jenerali, mameya wakabadilishwa na maofisa wa polisi, Bunge la jimbo likasimamishwa, na raia wakaanza kufikishwa mbele ya mahakama za kijeshi. Juni alifika Beni, na katika ziara hiyo ya mashariki alikiri kwamba kuna mafia ndani ya jeshi.

Kukiri huko kulipokelewa vizuri. Ndani ya miaka miwili na nusu tu ya utawala wake, rais alikuwa amesema hadharani kile ambacho watu wa Beni walikuwa wakikisema tangu 2014. Lakini ahadi ni deni, na hali iliyotangazwa kuwa ya siku 30 imeongezwa mara nyingi sana tangu wakati huo. Manaibu wa jimbo waliochaguliwa Desemba 2023 hawakupata nafasi ya kumchagua gavana, kwa sababu mamlaka ya jimbo bado yako kwa wanajeshi. Ni mara ya pili katika miaka mitano kwa kura za watu hawa kukosa kazi yake.

Julai 2022 hasira ilihamia kwa MONUSCO. Maandamano yaliyoanzia Goma yalifika Butembo, ambako raia na walinda amani waliuawa. Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi, mji wa mpakani ambao wafanyabiashara wa Butembo huutegemea.

Kinachomsaidia rais

Hata hivyo mzani hauko upande mmoja. Operesheni ya Shujaa, ambayo jeshi la Uganda limekuwa likiifanya pamoja na jeshi la Kongo tangu Novemba 30, 2021, imevunja kambi za ADF katika maeneo ya karibu na mpaka. Baadhi ya vijiji vilivyokuwa vimehamwa katika wilaya ya Beni vimepata watu tena. Wakulima wa kakao wa eneo hilo, ambao kwa miaka mingi walipoteza mavuno kwa wauaji na wezi, walipata sababu ya kurudi shambani hasa bei ya kakao duniani ilipopanda mno mwaka 2024.

Barabara ni hoja nyingine. Mwaka 2021 Tshisekedi na Museveni walizindua mradi wa kuweka lami kilomita 223 katika Kivu Kaskazini, ikiwemo Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na Beni hadi Butembo, kilomita 54. Kwa mji unaoishi kwa bidhaa zinazopita Mombasa na Kampala, lami ni jambo la maisha. Butembo imekua kwa nguvu za wafanyabiashara wake, na watu wake wana desturi ya kuchanga na kufanya salongo, kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara za mitaa, bila kusubiri serikali. Rais anayeleta lami hapo huleta kitu ambacho watangulizi wake hawakuleta.

Tatu ni watu wa eneo hilo ndani ya serikali. Julien Paluku, gavana wa jimbo kwa miaka 12, ni waziri tangu 2019. Muhindo Nzangi aliingia serikalini 2021. Hata Mbusa Nyamwisi, aliyempinga Tshisekedi mwaka 2018, aliteuliwa waziri Machi 2023. Gavana aliyeteuliwa Januari 2025, Evariste Somo Kakule, anafanyia kazi Beni.

Na nne, pengine kubwa kuliko zote, ni M23. Waasi hao wanaoungwa mkono na Rwanda waliiteka Kanyabayonga Juni 2024 na kuingia kusini mwa wilaya ya Lubero, wakisogea upande wa Butembo. Kiongozi wa muungano wao wa kisiasa, AFC, ni Corneille Nangaa, mwenyekiti yule yule wa CENI aliyetangaza kuahirishwa kwa kura ya Beni na Butembo mwaka 2018. Kwa mpiga kura wa hapa, kumwadhibu rais kwa namna itakayomfaidi Nangaa si wazo linalovutia. Adui anapokaribia mlango, watu husogea karibu na aliye na bunduki ya serikali hata kama hawamwamini.

Kinachoweza kumwangusha

Lakini hofu ya adui mmoja haifuti vifo vinavyoletwa na mwingine. Shujaa iliposukuma ADF kutoka mpakani, makundi yao yalisogea magharibi, kuelekea misitu ya Lubero na Mambasa, ambako jeshi ni haba. Septemba 2025 waliwavamia watu waliokuwa kwenye matanga katika kijiji cha Ntoyo, wilaya ya Lubero, na kuua zaidi ya 60. Katika eneo hilo familia nyingi za Butembo zina mashamba au ndugu.

Hapo ndipo kipimo cha zamani kinarudi. Mwaka 2009 Kabila alipoteza imani kwa kukaribisha jeshi la jirani bila kueleza. Tshisekedi naye amekaribisha jeshi la Uganda, nchi ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Februari 2022 ilipe dola milioni 325 kwa madhara iliyofanya Kongo katika vita vya 1998 hadi 2003. Watu wa Beni waliwapokea Waganda kwa sababu walikuwa wamechoka kuzika. Mapokezi hayo yana masharti. Mauaji yakiendelea, swali la nini hasa jeshi la kigeni linafanya msituni halitachelewa kuulizwa mtaani Furu.

Kuna pia wapiganaji wa Wazalendo. Serikali imewatambua kama washirika dhidi ya M23, na wengi wao ni vijana wa hapo hapo. Lakini malalamiko juu ya vizuizi na fedha zinazotozwa barabarani yamekuwa mengi. Mwenye lori anayetoka Kasindi, mama anayepeleka maharagwe na ndizi sokoni na kijana wa pikipiki wote hulipa, na gharama hiyo huishia kwenye bei ya chakula mjini, ambako tayari kuna maelfu ya waliokimbia vita vya kusini. Mtu anayelipa kodi kwa serikali na kulipa tena kwa kila mwenye silaha hujiuliza rais anatawala nini.

Mawaziri wenyeji nao ni dhamana isiyo imara. Kubadili upande kwa Mbusa, kutoka Kabila mwaka 2006 hadi upinzani 2011, Lamuka 2018 na serikali ya Tshisekedi 2023, kumewafundisha wapiga kura kutenganisha hatima ya kiongozi na yao. Mwanasiasa anaweza kupata gari la uwaziri na kijiji chake kikabaki bila mlinzi.

Nguvu ya kura inayohama

Wasomaji wa Kenya watakumbuka jinsi eneo moja linavyoweza kumtikisa rais. Mlima Kenya ulimpa William Ruto kura nyingi mwaka 2022, kisha baada ya Naibu Rais Rigathi Gachagua kuondolewa Oktoba 2024, swali la wapi eneo hilo litaelekea likawa siasa ya kila siku. Kenya inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, hivyo kila eneo kubwa linalohama lina bei.

Kongo haina sharti hilo tangu 2011. Rais anaweza kupoteza Beni na Butembo na akashinda kwa kura za Kasai na Kinshasa. Desemba 2023 Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 73, huku wilaya za Masisi na Rutshuru, katika Kivu Kaskazini hiyo hiyo, zikishindwa kupiga kura kwa sababu ya vita. Kinshasa imejifunza kuwa inaweza kuendelea bila mashariki kwenye sanduku la kura. Mashariki nako kumejifunza jambo hilo.

Hilo ndilo hatari zaidi kuliko kumpoteza rais mmoja. Mwaka 2018 watu waliokosa kura walijitengenezea karatasi na kupanga foleni kwa amani. Waliamini bado kwamba kuna mtu anayehesabu. Kadi ya mpiga kura wanayo karibu wote, kwa kuwa ndiyo kitambulisho cha kuonyesha kwenye kizuizi na benki, na kuwa nayo hakuonyeshi tena kama mtu ana imani na uchaguzi. Vijana wa Beni na Lubero wanaomaliza shule leo walikuwa watoto mauaji yalipoanza, na wana njia nyingine za kutoa hukumu yao: kuingia kwa Wazalendo, kuvuka kwenda Uganda, au kutopiga kura kabisa.

Kabla ya 2028, wapiga kura hawa watakuwa na mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni kama hali ya kuzingirwa kijeshi itaondolewa na wawakilishi waliowachagua wapewe kazi yao. La pili ni kama katiba itabadilishwa ili kumwongezea rais muda, kinyume cha ibara ya 220 inayolinda idadi ya mihula. Kabila alipochelewesha uchaguzi baada ya muhula wake kuisha Desemba 2016, Beni na Butembo zilikuwa miongoni mwa miji iliyompinga. La tatu ni la zamani kuliko yote, nalo halihitaji mchambuzi wa siasa kulipima. Msimu wa kakao ukifika, familia za Mbau, Oicha na Mangina zitaamua kama zinaweza kwenda shambani na kulala huko, au kama zitavuna kwa haraka na kurudi mjini kabla ya giza.